Tuwashukuru wapiganaji wetu wangali hai

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua wa gazeti lako ili nitoe shukrani ambazo, kwa maoni yangu, sisi wakazi wa Tanga tumezoea kuzitoa kwa jumla mno. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara wa kumbukumbu, Mkuu wa Majeshi huweka sime, mwakilishi wa wapiganaji wa zamani huweka shoka, na viongozi wa dini huwaombea dua waliotangulia. Hiyo ni heshima ya taifa, nayo imetimia. Sina la kuipunguza wala la kuiongeza. Ninayotaka kuizungumzia ni ile shukrani ambayo taifa haliwezi kuitoa kwa niaba yetu: ya mtoto kwa baba yake, ya mkaza mwana kwa mkwewe, ya mtaa mzima kwa mzee anayekaa barazani Ngamiani na kupokea shikamoo za watoto wasiojua kwamba aliwahi kukesha handakini mamia ya maili kutoka hapa pwani.

Naandika sasa kwa sababu muda hautungoji. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati majeshi ya Idi Amin yalipovamia mkoa wa Kagera mnamo Oktoba 1978 leo ni mzee anayekaribia miaka 70, na waliokuwa wakubwa wake wengi wameshatutoka. Jenerali David Musuguri, aliyeiongoza Divisheni ya 20 katika vita ile na baadaye akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, alifariki dunia Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104. Mzee yule alikuwa amejiunga na Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, mwaka 1942 na kupelekwa Madagaska, kwa hiyo maisha yake peke yake yaliziunganisha vita mbili ambazo katika familia nyingi za Tanga zimegawanyika baina ya babu na mjukuu, au baba na mwana. Katika familia yetu zimegawanyika hivyohivyo.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mkata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza kabla hajaingia Keya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipelekwa Ceylon, nchi ambayo leo inaitwa Sri Lanka, na kutoka huko akaingia Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1944, katikati ya mvua kubwa za huko, iliteremka bonde la Kabaw ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Sisi wajukuu hatukusimuliwa habari za majenerali. Tulisimuliwa tope. Alisema tope la Kabaw lilikuwa likimvua mtu buti, na kwamba nyumbu wa mizigo walipozama hadi tumboni, askari waliteremsha risasi, unga na majeruhi wakabeba wenyewe. Alikuwa na desturi moja aliyoishi nayo mpaka kifo chake: kila jioni, masika na kiangazi, aliosha miguu, akaikausha kidole kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, kisha akazikagua nyayo zake kwa mwanga wa taa ya chemli kabla hajapanda kitandani. Bibi alikuwa akituambia tusimsemeshe wakati ule. Askari aliyeoza miguu katika bonde lile alikuwa lazima abebwe na wenzake, na babu hakutaka kubebwa na mtu.

Najua wapo wanaosema kwamba wazee wa Keya walimpigania mkoloni, na kwa hiyo hatuna deni kwao. Hoja hiyo naielewa, na sikubaliani nayo. Ni kweli bendera waliyoipigania haikuwa yao, na kiinua mgongo walichopewa baada ya vita kilikuwa kidogo kuliko cha Mzungu wa cheo kilekile. Hata hivyo, walichokirudisha nyumbani kilikuwa chetu. Babu alijifunza kusoma na kuandika jeshini, akasoma magazeti ya askari ya Kiswahili yaliyochapishwa wakati ule, kama vile Askari, Habari Zetu na Heshima, na aliporudi akawa ndiye msomaji wa barua na mwandishi wa barua katika kijiji ambacho watu wazima wengi hawakujua herufi. Abdulwahid Sykes na ndugu yake Ally nao walipita Keya na Burma kabla ya kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Aliyekwisha kumwona Mzungu akitetemeka kwa homa na kwa hofu kama binadamu mwingine yeyote hakurudi kuinamisha kichwa kama alivyoondoka. Namshukuru babu kwa kila barua aliyomwandikia jirani bila kudai ujira, na kwa kumfundisha mama yangu kusoma nyumbani kabla shule haijamfikia.

Na sisi wa Tanga tunao ushahidi wa karibu kabisa wa kinachotokea pale shukrani inapocheleweshwa. Mwanzoni mwa Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishuka pwani upande wa Raskazone likitaka kuuteka mji huu, likashindwa na jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Wenyeji husimulia zaidi habari za nyuki walioripuka kwenye mizinga yao na kuwafukuza watu kuliko habari za waliokufa. Makaburi ya vita ile yapo mjini kwetu mpaka leo, yanafyekwa na kutunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, nami huwapeleka watoto wangu kuyaona. Lakini ukimtafuta hapo mpagazi aliyebeba sanduku la risasi kutoka Handeni au Korogwe akafa kwa kuhara damu njiani, humpati. Mwaka 2021 Tume hiyohiyo ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, waliokufa wakiitumikia Dola ya Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza hawakuwekewa kumbukumbu kwa majina yao, au hawakuwekewa kabisa, na wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Hao ni babu zetu. Hakuna aliyekaa na wajane wao wakati ule akaandika jina, kijiji na mwaka, na leo hata tukitaka kuwaombea tunawaombea kwa jumla.

Hilo lisitokee kwa wazee wa Kagera, hasa mgambo.

Nasema hasa mgambo kwa sababu askari wa JWTZ anayo namba yake ya jeshi, analo faili lake na, kama Mungu amemjalia, anayo pensheni yake. Mgambo alichukuliwa shambani. Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa tarehe 2 Novemba 1978 kwamba sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, sehemu kubwa ya uwezo ule ilikuwa bado iko vijijini imeshika jembe. Jeshi letu lilipanuliwa kwa miezi michache kwa kuchukua mgambo, vijana wa JKT, polisi na askari wa magereza. Baba yangu mkubwa alikuwa mmoja wao. Alitoka Pangani, akafunzwa, akapanda treni mpaka Mwanza na meli mpaka Bukoba, na hapo ndipo alipoliona Ziwa Victoria akaonja maji yake kwa mkono, maana hakuamini kwamba maji mengi kiasi kile yanaweza kukosa chumvi.

Alipangwa katika Brigedi ya 201, iliyokuwa imejaa mgambo wenzake. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979 brigedi hiyo ilikuwa Lukaya, kwenye barabara inayotoka Masaka kwenda Kampala, mahali ambapo barabara inapita juu ya bwawa la mafunjo na hakuna pa kujificha kulia wala kushoto. Waganda waliokuwa wakisaidiwa na wanajeshi wa Libya waliwamiminia makombora. Baba mkubwa hueleza jambo hili bila kulipamba: walikimbia. Makombora mengi yalipita juu ya vichwa vyao, lakini mlio ule hawakuwahi kuusikia tangu kuzaliwa, na katika giza kila mtu alikwenda alikoweza. Usiku ule viongozi wao walizunguka kuwakusanya, huku Brigedi ya 208 ikitembea usiku kucha kuzunguka bwawa ili imkate adui upande wa nyuma, na alfajiri ya tarehe 11 wale waliokimbia jioni walirudi kwenye barabara ileile na kushambulia kutoka mbele. Lukaya ikarudi mikononi mwetu. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka, na mapema Juni majeshi yetu yalikuwa yamefika mpaka wa Sudan.

Watu wengi humpongeza baba mkubwa kwa Kampala. Mimi namshukuru kwa alfajiri ya Lukaya. Mtu asiyejua hatari anaweza kuiendea hata usiku wa kwanza. Lakini yeye na wenzake walikuwa wameshaonja, walijua mlio ule unatoka wapi na unafanya nini, hawakuwa na miaka ya mafunzo nyuma yao, na walirudi. Aliporudi Pangani alishika jembe lake. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri tangu wakati ule, kwa hiyo sisi sote katika ukoo tumejifunza kukaa upande wake wa kulia, na wakwe wapya wanaoingia katika familia hufundishwa hilo siku ya kwanza.

Jirani yetu mmoja hapa Ngamiani hakuwahi hata kuvaa gwanda. Alikuwa dereva wa lori la mizigo, na serikali ilipochukua magari ya watu na ya makampuni kwa ajili ya vita, lori lake lilikwenda naye. Aliendesha mzigo wa risasi na vyakula kwenye barabara zilizogeuka matope, akalala chini ya lori, akarekebisha springi kwa kamba na vipande vya mti, na akarudi na lori likiwa halifai. Si mwanajeshi mstaafu katika daftari lolote, na siku za mashujaa zinapofika hukaa nyumbani kwake kama mtu asiyehusika. Ningependa ajue kupitia ukurasa huu kwamba tunajua alikokwenda.

Wala sitaki kuwasahau waliobaki. Mama mkubwa aliachwa na watoto wadogo na mimba, bila barua, kwa miezi ambayo redio ilikuwa ikitaja miji ya Uganda asiyoijua iko wapi. Alikuwa akiuza maandazi asubuhi, na jioni wake wa mgambo walikuwa wakikutana nyumba moja, mwenye redio akiwasha na wenzake wakisikiliza. Vita ilipokwisha ikaja njaa ya bidhaa: Mwalimu aliliomba taifa lifunge mikanda kwa miezi 18, na kila mwenye umri wangu anakumbuka kwamba mikanda ile ilikaa zaidi ya hapo. Foleni ya sabuni, foleni ya unga, khanga ya kugawana wawili. Gharama za vita ile zililipwa jikoni pia, na aliyelipa kwa kiasi kikubwa alikuwa mwanamke. Wapo pia ambao waume zao hawakurudi, ambao wamelazwa mbali nao katika makaburi ya mashujaa ya Kaboya, mkoani Kagera. Kutoka Tanga mpaka Kaboya ni safari ya kuvuka nchi nzima, na mjane wa kijijini haiwezi. Huyo naye ni wa kushukuriwa kwa jina lake mwenyewe, si kwa kuitwa tu mjane wa marehemu fulani.

Vijana wetu waliokwenda kulinda amani Darfur, Lebanoni na Kongo wanastahili barua yao peke yao, nami nitawataja kwa ufupi tu kwa sababu wengi bado wako kazini. Tarehe 7 Desemba 2017, kule Semuliki katika Kivu Kaskazini, zaidi ya walinda amani kumi wa Tanzania waliuawa katika shambulio moja na wengine wengi wakajeruhiwa. Wazazi wa vijana wale ni watu wa rika langu. Tunapokutana nao msikitini, kanisani au sokoni, tusione haya kuwataja watoto wao. Mzazi hachoki kusikia jina la mwanawe.

Sasa, shukrani yenyewe inafanywaje? Kwa uzoefu wangu inaanza na namna ya kuuliza. Vijana wetu, kwa sababu ya filamu wanazotazama, humkalia mzee na kumwuliza, "Babu, uliua wangapi?" Nimeona mara nyingi mzee anavyonyamaza akiulizwa hivyo, akaomba maji, akabadilisha mazungumzo, na mlango ukafungwa kwa mwaka mzima. Swali hilo tuwakataze watoto. Wamwulize alilala wapi, walikula nini, nani alikuwa rafiki yake katika kombania, walikuwa wakiimba nini, viatu vyake vilichukua muda gani kabla ya kuchanika, nani alimwandikia barua. Akiulizwa habari za rafiki yake, mzee husema mwenyewe, na mara nyingi hapo ndipo jina la aliyekufa hutajwa kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa nyumbani. Na akinyamaza aachwe anyamaze. Kukaa naye tu ni sehemu ya shukrani.

Jambo la pili ni daftari. Hapa mtaani kwetu, kwa ruhusa ya mwenyekiti wa mtaa, vijana wachache wa sekondari wameanza kupita nyumba kwa nyumba na daftari kubwa la kaunta wakiandika jina la kila aliyekwenda Kagera au misheni nyingine yoyote, awe mwanajeshi, mgambo, muuguzi au dereva, mahali alipotoka, mwaka aliokwenda, kama alirudi, na nani katika familia anayeweza kusimulia habari zake. Hawaandiki siri za jeshi, na mzee asiyetaka kuandikwa haandikwi. Nimependa hasa walivyokubaliana kuanza na waliokufa bila kuacha watoto, kwa maana hao hawana mtu wa kuwasemea. Kazi hii haina gharama ya kutisha, na kila kata ya mkoa huu, kuanzia Tongoni na Pongwe hapa jijini mpaka Lushoto na Kilindi, inaweza kuifanya. Walimu wa historia wanaweza kuifanya kuwa kazi ya wanafunzi wakati wa likizo. Ningefurahi sana kama ofisi za kata zingeyasoma majina hayo kwa sauti tarehe 25 Julai, hata kama ni mbele ya watu ishirini waliokaa kwenye mabenchi.

Jambo la tatu ni dogo na linaweza kufanyika kesho. Mzee akifika kwenye foleni ya kliniki, ya benki au ya kuhakikiwa pensheni, apishwe mbele na apewe kiti. Tunafanya hivyo kwa wazee wote, ndiyo, au tunasema tunafanya. Kwa mzee mwenye fimbo na mguu uliobaki na chuma cha Masaka tusingoje aombe.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Fungua safu, hata ya inchi chache kwa wiki, ambamo familia za Tanga, Pangani, Muheza na kwingineko zitaleta jina la mpiganaji wao, kijiji chake na sentensi mbili tatu za shukrani, wakati mwenyewe bado anaweza kusomewa. Mimi nitakuwa wa kwanza kuleta: nitaanza na baba mkubwa, kisha jirani yetu dereva akiniruhusu, kisha mama mkubwa, ambaye nimeshamwomba naye amekubali, kwa sharti kwamba watoto wake waandikwe wote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Ngamiani, Tanga